Siku Ambayo Sikumgombeza

Mimi ni muuguzi mkali. Sijisifu kwa hilo, wala sijaona sababu ya kulificha. Kwa miaka kumi na tisa nimehudumia wagonjwa wa nje katika zahanati ya kambi moja ya jeshi, si mbali na Kahama, na mtu hawezi kukaa mbele ya benchi la wagonjwa muda wote huo akabaki na ulimi laini. Askari wenye nyota mabegani wameniomba radhi kwa kukatiza dozi. Wake zao huniita "yule mama wa mdomo" nikiwapa kisogo, nikigeuka wananiamkia kwa heshima zote.

Gwanda sijalivaa. Ni raia, mzaliwa wa Ushetu, nimekulia kwenye majani ya tumbaku, na kazi hii niliipata nikiwa mjane mwenye watoto wawili wa kusomesha. Asubuhi wanaanza askari na daftari lao la wagonjwa. Daktari na mimi tunaandika nani apumzike, nani apewe kazi nyepesi, na nani anatega tu, arudi alikotoka. Wanaotega nawajua kwa mwendo: mguu unaochechemea wakiingia siyo unaochechemea wakitoka. Wakimalizika hao, wanaingia wake na watoto kutoka kota, na wanakijiji wa jirani wenye vikohozi na vidonda vyao. Jumanne ni siku ya wajawazito.

Lakini iko kazi moja ambayo haikuandikwa kwenye barua yangu ya ajira. Askari akifia mbali, taarifa haipelekwi nyumbani ovyo ovyo. Anaondoka ofisa mmoja aliyenyoosha sare, padri au shehe kufuatana na dini ya marehemu, askari mmoja mwanamke, na nyuma yao mimi na begi la mashine ya presha, kwa sababu mjane aliyewahi kuanguka mlangoni bado anakumbukwa. Mpaka msafara huo ufike, hakuna mwenye ruhusa ya kufungua kinywa. Mara mbili nilikuwa nimetembea hivyo katikati ya kota, na mara zote mbili nilisikia milango ikifungwa kabla hatujafika. Kila mwanamke alikuwa ndani akiomba tumpite. Siwalaumu, maana kuomba hivyo ni kuomba msiba uende kwa jirani, na ningekuwa mimi ningeomba vilevile.

Jumanne ninayoisimulia, mkuu wa kikosi aliniita kabla ya saa mbili asubuhi. Nilipoingia ofisini akasema, "Kaa, mama." Nikajua kuna kifo, kwa kuwa ofisi ile sijawahi kukaribishwa kiti.

Alikuwa koplo mmoja, kijana wa Ushetu kama mimi, aliyekwenda kulinda amani nchi ya jirani. Hakufa kwa risasi. Gari lao lilipinduka kwenye mteremko wakati wa mvua, alfajiri ya siku hiyo. Mkewe alikuwa kota, mimba ya miezi minane.

"Leo ni siku yake ya kliniki," nikasema.

"Ndiyo maana nimekuita," akasema mkuu. "Baba wa marehemu yuko kijijini. Gari limekwenda kumchukua. Ukoo umeomba mzee aambiwe kwanza, nyumbani kwake, halafu aje mwenyewe, na mkwe wao asisikie kwa mtu mwingine mpaka mzee awe mbele yake. Ni ombi la haki. Watafika saa nane. Akija kliniki, usimwache arudi nyumbani. Na simu yake iangalie. Vijana walioko kule wanawaandikia wake zao."

Daktari wetu, kijana mpole asiyependa makelele, alikuwa amesimama dirishani. Akaongeza lake. Wiki mbili zilizopita presha ya yule binti ilikuwa juu, nami mwenyewe ndiye niliyeipima. Akishtuliwa vibaya akapata kifafa cha mimba, tutakuwa na makaburi matatu badala ya moja. "Mtulize, mama," akasema. "Wewe anakusikiliza."

Nikasema sawa. Hakuna aliyenilazimisha. Mimi ni raia, ningeweza kusema hapana, na mkuu asingenifunga.

Sasa nimwelezee huyo binti. Alikuwa na miaka ishirini na sita, ametokea Masasi, huku kwetu hana hata shangazi. Mumewe alimpata akiwa mafunzoni kusini. Alikuwa na kicheko cha kuamsha watoto waliolazwa. Kliniki alichelewa kila mara, chumvi nilimkataza akaendelea kula dagaa wa chumvi, na tumbo lake lote lile alilipandisha kwenye bodaboda. Nilimgombeza mpaka mate yananikauka. Kota nzima ni yeye peke yake aliyekuwa ananijibu. "Mama, ukinigombeza hivi mtoto atatoka amekunja uso," alisema, na benchi lote likacheka. Nilimpenda. Sikuwahi kumwambia, kugombeza ndiyo lugha niliyokuwa nayo.

Alifika saa tatu na nusu, wa mwisho kabisa, pindo la gauni limejaa vumbi.

"Shikamoo mama. Nimechelewa, najua. Nimepanda bodaboda, najua. Na jana dagaa nimekula. Haya, anza."

Nikasema, "Marahaba, mwanangu. Karibu ukae."

Akasimama palepale akaniangalia. Alikuwa bado anatabasamu, lakini macho yake hayakuwa yanatabasamu tena. Nami nikajiona hodari. Nilidhani nimemtuliza.

Presha ilikuwa mia na arobaini na nane kwa tisini na sita. Mkojo ulikuwa safi. Nikampa kidonge chake, nikamwambia atalala kidogo kwenye chumba cha mapumziko nimwangalie mpaka mchana.

"Mpaka mchana? Nina maharage jikoni."

"Jirani atayaangalia. Lete simu nikuchajie."

"Simu imejaa chaji, mama."

"Lete tu."

Akaitoa kwenye pochi akanipa bila kubisha. Yeye, aliyekuwa akibishana nami hata uzito wake mwenyewe kwenye mizani. Nikaizima mgongo nimempa, nikaitia kwenye mfuko wa koti langu la kazi. Uzito wa simu ile naujua mpaka leo.

Huko nje mambo yalikuwa yameanza kuvuja. Mke wa sajenti mmoja alikuwa amepata ujumbe, akawa ameketi kwenye benchi ameziba mdomo kwa khanga. Nikamtoa kwa mlango wa nyuma, nikamkemea kwa sauti ya chini asirudi wala asimwambie mtu. Huyo nilimgombeza sawasawa. Ukali wangu haukuwa umekwenda popote, nilikuwa nimemwondolea mmoja tu.

Yule binti nikamlaza kwa ubavu wa kushoto. Nikaweka sikio kwenye kifaa cha mbao, nikasikiliza mapigo ya mtoto. Yalikuwa yanakwenda vizuri, ya haraka haraka, na mimi nikainama pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika ili asione uso wangu.

"Mama," akasema nikiwa nimeinama vilevile. "Leo mbona hunigombezi?"

"Nimechoka."

"Wewe?"

"Hata mimi nachoka. Lala."

Nikatoka, nikahudumia mtoto mwenye homa, nikarudi. Akauliza kama kuna jambo. Nikasema jambo gani, presha ndiyo jambo. Nikamletea uji. Alikunywa vijiko viwili, akaweka bakuli chini, akaniuliza mbona mkuu wa kikosi amepita mara mbili nje ya dirisha. Nikasema anakagua paa, linavuja. Uongo huo ulinitoka kirahisi mpaka nikajishangaa. Mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mzee wa kanisa, nasema uongo kuhusu paa.

Saa sita hivi nilikaa kwenye kiti karibu na kitanda. Miguu ilikuwa inaniuma na sikuwa na mgonjwa mwingine. Alikuwa ameelekea ukutani. Akauliza bila kugeuka.

"Mama, mumeo alipofariki, nani alikuambia?"

Swali hilo hakuna aliyewahi kuniuliza. Watu huuliza alikufa kwa nini. Nikamjibu kweli, kwa kuwa kwenye habari yangu mwenyewe sikuona haja ya kuficha.

Nikamsimulia. Mume wangu alichoka na tumbaku, akaenda machimbo ya Geita kutafuta dhahabu kama walivyokwenda nusu ya vijana wa kijiji chetu. Walikuwa wanachimba duara, yaani shimo refu la kwenda chini, wakipokezana zamu. Siku moja udongo ukaporomoka. Wenzake walijua tangu asubuhi, na wakawa wanashauriana nani aje, waanzie wapi, waseme anaumwa kwanza au waseme ameumia. Pale machimboni palikuwa na mama mmoja aliyekuwa akiwapikia wali na maharage. Hakushauriana na mtu. Alifunga jiko lake, akapanda basi, akabadilisha Kahama, akafika kwangu na masizi mikononi. Hata maji hakunywa. Akanishika mikono yote miwili akasema, "Mayu, mumeo amefukiwa. Wamemtoa. Amekufa." Mayu ni mama, kwa Kisukuma. Halafu akakaa chini nami, kwenye udongo, mpaka jioni.

"Ulimchukia?" akauliza yule binti.

"Hapana. Mpaka leo namwombea."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hakunizungusha."

Hapo akageuka. Akageuka taratibu na tumbo lake, akanitazama usoni, akanyoosha mikono yote miwili juu ya shuka, viganja juu. Alikaa hivyo akisubiri.

Nimeirudia dakika ile mara nyingi kuliko dakika yoyote ya maisha yangu, na nimezika mume, na nimezika mama yangu. Nilikuwa na kila kitu. Nilikuwa na maneno, maana nilikuwa nimetoka kuyasema. Mlango ulikuwa umefungwa, tulikuwa wawili. Nikafikiria kifafa cha mimba. Nikamfikiria yule mzee njiani, amekaa kwenye gari la jeshi na huzuni yake, akijua kwamba ameahidiwa. Nikasimama. Nikasema, "Ngoja nilete mashine nikupime tena."

Nilipotoka nje nililia kwenye stoo ya dawa, kati ya maboksi ya glavu. Nilipojifuta na kurudi, alikuwa ameelekea ukutani tena, na hakuniuliza kitu kingine mpaka mwisho.

Gari lilifika saa nane na dakika kumi. Mzee aliingia wa kwanza, kofia mkononi, koti kubwa limefungwa vifungo vyote na jua lile. Nyuma yake ofisa, padri, askari wa kike. Chumba kilikuwa kidogo, padri akabaki nusu mlangoni. Yule binti alikuwa ameshaketi kitandani, amejifunga khanga vizuri, miguu imekutana.

"Shikamoo baba," akamwamkia mkwewe.

Mzee akashindwa kuitikia. Ofisa akaanza, "Mama, kwa masikitiko makubwa..."

"Najua, afande," akasema. "Nimejua tangu saa tatu na nusu."

Wote wakageuka kunitazama mimi. Mkuu wa kikosi alikuwa nje ya dirisha, na yeye akanitazama.

"Hakuniambia," akasema yule binti. "Hakuniambia chochote. Mama huyu hajawahi kuniita mwanangu. Nimekuja nimechelewa, nimekula chumvi, nimepanda bodaboda, akaniambia karibu ukae. Sasa mtu anahitaji kuambiwa nini tena?"

Ofisa akamalizia maneno yake hata hivyo, kwa sababu alikuwa ameyakariri na hakujua pa kuyapeleka. Mzee akaketi sakafuni akalia kwa sauti. Mkwewe alishuka kitandani, akaketi naye, akamshika bega. Yeye ndiye aliyemtuliza mzee. Halafu akaninyooshea mkono, akasema, "Mama, simu yangu."

Nikaitoa mfukoni nikaiwasha. Ikaanza kutetemeka mkononi mwangu haikukoma. Jumbe nyingi zilikuwa za mama yake mzazi, kutoka Masasi. Mama yake alikuwa amepigiwa na mtu tangu asubuhi, akawa analia peke yake kusini huko, akimtafuta mwanawe siku nzima, na mwanawe alikuwa mita tatu kutoka kwangu. Akampigia. Alisikiliza tu mama yake anavyolia, na ndipo na yeye akalia, ule mlio ambao sisi wauguzi tunaujua na hatuuzoei.

Nilimpima baada ya saa moja. Presha ilikuwa chini kuliko ya asubuhi.

Walimzika Ushetu, kwenye ardhi ya baba yake, kwa heshima za kijeshi. Nilikwenda. Mjane aliketi na wakwe zake, nami sikuthubutu kusogea karibu. Alijifungua hospitali ya mjini majuma matatu baadaye, salama, mtoto wa kiume. Nilisikia kwa watu. Katika siku hizo zote nilikuwa nikitunga maneno ya kumwomba radhi, nikiyapanga na kuyapangua huku nikichoma watu sindano. Nilitaka kumwambia kwamba niliogopa kumuua. Ilikuwa kweli. Lakini ilikuwa kweli pia kwamba niliogopa kuwa mimi ndiye niliyemwambia, nikabaki usoni mwake milele na maneno yale, na hilo la pili ndilo lililoninyima usingizi.

Alirudi kota kufungasha vitu, maana nyumba za jeshi ni za walio kazini, na mama yake alikuwa amekuja kumchukua wakaishi Masasi. Kabla ya safari akamleta mtoto kwa chanjo ya wiki ya sita. Alifika mapema, wa kwanza kwenye benchi. Kwa miguu. Amekonda shingoni, na kile kicheko hakikuwepo kabisa.

Sikumpa mwenzangu amhudumie. Nilimpokea mtoto mwenyewe, nikamvua, nikamweka kwenye mizani. Kilo nne na nusu. Nikamwangalia macho, kitovu, mapaja, nikamsikiliza kifua. Nikamchoma sindano, akalia kwa nguvu kama inavyotakiwa.

Wengine walikuwa bado hawajaingia. Nikasema, "Nisamehe. Nilipaswa kukuambia."

Alikuwa anamfunika mtoto. Akamaliza kwanza.

"Mama, siku ile nilikuwa nakupa nafasi. Nilijua, lakini sikutaka kuambiwa na sare. Nilitaka niambiwe na mtu, tukiwa wawili, nilie kwanza kabla sijaanza kuwatuliza watu. Nikauliza, nikauliza, mpaka nikakuuliza habari za msiba wako."

"Najua."

"Nimekusamehe. Kabisa. Sina kinyongo na wewe."

Nikashukuru Mungu palepale, machozi yananitoka bila haya. Nikajaza kadi ya mtoto, nikamrudishia, na kwa furaha ile nikasema maneno ninayoyasema kila siku kwa kila mama, ila safari hii kwa upole: "Mtoto wako mzima, mwanangu. Hana tatizo lolote."

Akaipokea kadi. Akaitazama, akanitazama mimi, na nikaona anatafuta namna ya kulisema bila kuniumiza.

"Asante, mama. Nitapita hospitali ya mjini wamwangalie tena, nipate kuamini."